Jinsi ya Kupima Namna Nazi Inavyoivuta Dunia kwa Timazi, Tepu na Saa

Kila aliyekulia karibu na mnazi anajua kwamba nazi ikikatika kikonyo huja chini, na hakuna anayehitaji kufundishwa hilo. Jambo ambalo wengi wetu hulipita bila kulitazama ni kwamba wakati dunia inaivuta nazi, nazi nayo inaivuta dunia kwa nguvu ileile, isiyopungua hata chembe, na dunia inapanda kuilaki. Mwongozo huu unaeleza namna ya kukokotoa pande zote mbili za mvutano huo kwa vifaa vya kuazima kwa fundi mwashi: timazi, uzi, tepu ya kupimia na saa ya simu. Kazi yenyewe haizidi saa moja na nusu, na sehemu kubwa ya muda huo ni kuhesabu timazi inapobembea bila kupotea njiani.

Kwanza tenganisha tungamo na uzito

Muuza nazi akikwambia kwamba nazi yake, pamoja na makumbi, ina kilo moja na nusu, anakutajia tungamo, yaani kiasi cha maada kilichomo ndani yake, na kiasi hicho hakibadiliki hata nazi hiyo ikipelekwa mwezini. Uzito ni jambo jingine. Uzito ni kani, yaani nguvu, ambayo kwayo dunia na nazi zinavutana, nao hupimwa kwa nyutoni, kizio kilichopewa jina la Mwingereza Isaac Newton. Mwaka 1687 Newton alichapisha kanuni kwamba kila kitu chenye tungamo kinavuta kila kitu kingine chenye tungamo, na kwamba mvuto huo hupungua kwa mraba wa umbali kati ya vitovu vyake, kiasi kwamba umbali ukiongezeka mara mbili, kani inayobaki ni robo. Sokoni hakuna anayedhurika kwa kuchanganya tungamo na uzito, lakini katika hesabu hii ukiyachanganya utakwama mapema.

Tofauti hiyo inaonekana vizuri kwenye mizani. Mizani ya mawe, ile yenye sahani mbili, inalinganisha tungamo na tungamo, kwa hiyo itatoa jibu moja Tanga mjini na juu ya Kilimanjaro, maana mvuto ukipungua kwenye sahani moja umepungua kwenye ya pili pia. Mizani ya springi inapima kani yenyewe. Mtu wa kilo 70 akipanda nayo hadi Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, itamwonyesha pungufu la gramu zisizozidi 130 hivi, kwa sababu tu amejisogeza kidogo mbali na kitovu cha dunia. (Jasho la safari hiyo litampunguza zaidi ya hapo.)

Pima nazi yako, uandike kilo zake kwenye karatasi. Katika mfano wa hapa nitatumia nazi ya kilo 1.5.

Kupima mchapuko kwa timazi

Kitu kinachoachiwa hewani hakiendi kwa mwendo mmoja, bali kila sekunde kinazidi kasi, na kiasi hicho cha kuzidi ndicho kinachoitwa mchapuko wa mvutano. Kwenye ikweta, usawa wa bahari, mchapuko huo ni mita 9.78 kwa sekunde katika kila sekunde. London ni 9.81, na kwenye ncha za dunia ni 9.83. Huwezi kuupima kwa kudondosha nazi huku unabonyeza saa, maana kutoka juu ya mnazi wa mita 20 nazi hufika chini baada ya sekunde mbili tu, na kidole chako peke yake kinaweza kukosea kwa robo sekunde. Timazi inayobembea ina faida kwamba hitilafu ya kidole haiongezeki kadiri unavyohesabu mipembeo mingi, bali inagawanywa.

Chagua uzi usionyumbuka. Ule wa kushonea viatu unafaa sana. Ubane kati ya vipande viwili vya mbao vilivyopigiliwa kwenye boriti, ili mahali unapopindia pajulikane wazi, kwa sababu fundo lililofungwa kwenye msumari huteleza na kuzunguka. Usiutundike kwenye tawi la mti, kwani tawi nalo hubembea. Tundika timazi, iache itulie, kisha pima kutoka mahali uzi ulipobanwa hadi katikati ya kitako cha chuma, wala si hadi pale uzi unapoingilia, na urekebishe mpaka upate mita moja kamili. Mwenyewe niliwahi kutumia mshipi wa kuvulia samaki, nikaupima ukiwa mezani kabla ya kuutundika, na siku nzima nikawa napata 9.5 bila kuelewa kwa nini, hadi nilipopima upya timazi ikiwa inaning'inia na kukuta mshipi umerefuka kwa sentimita tatu.

Sasa ivute timazi pembeni kwa sentimita zisizozidi kumi, uiachie bila kuisukuma. Iache iende na kurudi mara mbili tatu ili itulie katika mstari mmoja. Inapopita katikati ikielekea kulia, bonyeza saa na useme "sifuri". Kila inapopita tena hapo ikielekea kulia, ongeza moja, hadi hamsini, kisha simamisha saa. Neno "sifuri" si la mapambo: anayeanza kwa "moja" atakuwa amehesabu mipembeo 49 akidhani ni 50, na jibu lake litatoka karibu na 10.2. Ukiona namba hiyo, usiilaumu timazi.

Hesabu yake ni fupi. Gawanya sekunde ulizopata kwa 50 ili ujue muda wa mpembeo mmoja, zidisha muda huo kwa wenyewe, kisha chukua 39.48 (ambayo ni mara nne ya mraba wa pai), izidishe kwa urefu wa uzi kwa mita, na ugawanye kwa jibu la mwanzo. Kwa mfano, mipembeo 50 ikichukua sekunde 100.4, mpembeo mmoja ni sekunde 2.008, mraba wake ni 4.032, na 39.48 ukiigawanya kwa 4.032 unapata 9.79. Kwa kifaa cha waashi na simu ya mkononi, hilo ni jibu la kujivunia.

Utagundua kwamba hatujauliza kilo za timazi mahali popote. Ibadilishe kwa nyingine nzito mara mbili, ukihakikisha urefu hadi katikati yake haujabadilika, na muda utabaki uleule. Kitu kizito kinavutwa zaidi, ni kweli, lakini pia ni kigumu zaidi kukisogeza, kwa kiwango kilekile, na mambo hayo mawili yanafutana. Mwanaanga David Scott alilionyesha hilo mwezini mwaka 1971 alipoachia nyundo na unyoya kwa pamoja, vikagusa udongo kwa wakati mmoja, maana huko hakuna hewa ya kuuchelewesha unyoya.

Sisi tunaoishi karibu na ikweta tuna sababu ya kuipenda timazi hii. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alisafiri na saa ya timazi kutoka Paris hadi Cayenne, pwani ya Amerika ya Kusini, nyuzi tano tu kaskazini ya ikweta, akakuta saa iliyokuwa sahihi kwao inachelewa kwa takriban dakika mbili na nusu kila siku, hadi ikambidi aifupishe timazi yake. Newton aliitumia taarifa hiyo kuonyesha kwamba dunia imevimba kiunoni: huku kwetu tuko mbali zaidi na kitovu kuliko watu wa Paris, na mzunguko wa dunia nao unatupunguzia uzito kidogo. Ukitaka kuiona tofauti hiyo mwenyewe, fanya kipimo Mombasa na umwombe ndugu aliye Ulaya afanye hichohicho, lakini kila mmoja apime urefu wa uzi kwa usahihi wa milimita moja na ahesabu mipembeo 200 badala ya 50. Hapo tofauti kati yenu inafikia zaidi ya nusu sekunde, na kidole kilichotulia kinaweza kuikamata.

Kuigeuza hesabu upande wa dunia

Zidisha kilo za nazi kwa mchapuko: 1.5 mara 9.78 ni nyutoni 14.67. Hiyo ndiyo kani ya dunia juu ya nazi. Kani ya nazi juu ya dunia ni nyutoni 14.67 pia, na hapa ndipo wasikilizaji wangu wengi hugoma, wakiona haiwezekani kitu kidogo kivute sawa na kikubwa.

Fikiria mtu aliyeketi ndani ya ngalawa, ameshika kamba ambayo ncha yake ya pili imefungwa kwenye jahazi lililosheheni mikoko, na vyombo vyote viwili vinaelea bila nanga. Anapovuta, kamba ni moja na mkazo wake ni mmoja. Haiwezekani ikazwe sana upande wa ngalawa na ilegee upande wa jahazi. Hata hivyo ngalawa ndiyo itakayokimbia, na jahazi litajisogeza taratibu hata aliye juu yake asitambue. Kani ni sawa, mwendo ndio unaotofautiana, na unatofautiana kwa sababu ya tungamo. Baina ya nazi na dunia kamba haionekani, lakini hesabu ni hiyohiyo.

Kwa hiyo, ili kupata mchapuko wa dunia kuelekea nazi, chukua nyutoni 14.67 uzigawanye kwa tungamo la dunia, ambalo ni kilo 5.97 × 10²⁴, yaani 597 ikifuatiwa na sifuri 22. Utapata 2.46 × 10⁻²⁴, yaani sifuri, nukta, sifuri nyingine 23, kisha 246. Ukitaka umbali, usihangaike na muda: vitu viwili vinavyovutana hugawana safari kinyume cha matungamo yao, kwa hiyo zidisha urefu wa mnazi, mita 20, kwa 1.5, kisha gawanya kwa tungamo la dunia. Jibu ni mita 5 × 10⁻²⁴. Protoni, ambayo ni moja ya chembe zinazounda kiini cha atomu, ina upana wa takriban mita 1.7 × 10⁻¹⁵, na ungelazimika kuikata vipande zaidi ya milioni 300 ili kimoja kilingane na safari ambayo dunia imesafiri kuilaki nazi yako. Hakuna chombo kinachoweza kukipima kitu hicho, lakini si sifuri.

Msomaji makini atauliza kama basi dunia haisogezwi juu kidogo kidogo na kila nazi tangu minazi iwepo. Haisogezwi, na sababu yake inapendeza. Nazi ilipokuwa bado kichwani mwa mnazi ilikuwa ikiivuta dunia kwa nyutoni zilezile 14.67, lakini wakati huohuo ilikuwa ikiukandamiza mnazi, na mnazi kuikandamiza ardhi kwa mizizi, kwa kani hiyohiyo, hivyo dunia ikatulia. Kikonyo kilipokatika, ukandamizaji uliondoka na mvuto ukabaki peke yake kwa sekunde mbili. Ilipotua, kishindo chake kiliisimamisha dunia palepale. Na kabla ya hapo, maji na madini yaliyoijenga nazi ile yalikuwa yamepandishwa kutoka ardhini kupitia shina (sehemu iliyobaki ilitoka hewani), na kila kinachopanda huisukuma dunia chini kwa kadiri ileile, kama anavyofanya mkwezi kwa kila hatua. Jumla ya hesabu ni kwamba hakuna aliyepata wala aliyepoteza.

Tungamo la dunia lilipatikanaje

Nimekupa namba 5.97 × 10²⁴ kana kwamba kuna mtu aliyeiweka dunia kwenye mizani. Kwa kiasi fulani yupo. Ukiwa na mchapuko wako wa 9.78 na umbali wa kutoka ikweta hadi kitovu cha dunia, kilomita 6,378, unachohitaji ni namba moja tu, ile inayoeleza vitu viwili vya kilo moja moja vinavutana kwa kani gani vikiwa mita moja mbali. Zidisha mchapuko kwa mraba wa umbali huo ukiwa katika mita, gawanya kwa namba hiyo, na tungamo la dunia litatoka lenyewe.

Jaribio kubwa la kwanza la kuipima dunia lilitumia timazi, kama yetu. Mwaka 1774 mnajimu wa kifalme wa Uingereza, Nevil Maskelyne, alipiga kambi kwenye mlima Schiehallion, Scotland, akapima kwa nyota jinsi timazi inavyoegemea mlima upande wa kaskazini na upande wa kusini. Tofauti ya pande hizo mbili, baada ya kuondoa ile inayotokana na umbo la dunia, ilikuwa sekunde 11.6 za pembe, ambapo nyuzi moja ina sekunde 3,600. Kwenye uzi wa mita moja, hiyo ni sawa na unene wa unywele. Fundi mwashi asiwe na wasiwasi: ukuta wake utasimama wima hata akijengea miguuni pa Meru, ingawa mlima nao unaivuta timazi yake.

Kipimo kilicho safi zaidi kilikuja 1798, pale Henry Cavendish alipochapisha matokeo ya kazi aliyoifanya nyumbani kwake Clapham, London, kwa kifaa kilichobuniwa na kasisi John Michell, aliyefariki kabla ya kukitumia. Ulikuwa mti mwepesi wa mita 1.8 ulioning'inizwa kwa waya mwembamba, ukiwa na vijitufe vya risasi vya gramu 730 kwenye ncha zake, na kando yake matufe mawili ya risasi ya kilo 158 kila moja. Matufe makubwa yaliposogezwa karibu, mti ulijipinda kwa milimita chache, na kutokana na mpindo huo akapata kwamba dunia kwa wastani ni nzito karibu mara 5.5 kuliko maji ya ujazo sawa. Vipimo vya leo vinasema 5.51. Cavendish hakuthubutu hata kuingia katika chumba hicho wakati wa kupima, kwa kuwa joto la mwili wake lingezua upepo wa kutosha kuharibu kila kitu. Alichungulia kwa darubini kupitia tundu la ukutani.

Namba tunayoitafuta ni 6.674 × 10⁻¹¹. Ukiitumia na 9.78 utapata kilo 5.96 × 10²⁴, karibu sawa kabisa na ile ya vitabuni, na upungufu mdogo uliobaki unatokana kwa sehemu kubwa na mzunguko wa dunia na kuvimba kwake.

Nazi kwa nazi

Kwa namba hiyohiyo unaweza kukokotoa jinsi nazi mbili zinavyovutana zikiwa sakafuni. Zidisha kilo kwa kilo, 1.5 mara 1.5, zidisha kwa 6.674 × 10⁻¹¹, na ugawanye kwa mraba wa umbali kati ya vitovu vyao. Kwa nazi zilizoachana sentimita 30 kutoka kitovu hadi kitovu, kani ni nyutoni 1.7 × 10⁻⁹, yaani sehemu moja ya elfu ya uzito wa chembe ya mchanga yenye upana wa nusu milimita. Msuguano wa sakafu unaishinda kani hiyo bila jasho, ndiyo maana nazi za dukani hazijikusanyi zenyewe. Lakini ziweke nazi hizohizo mbali angani, pasipo chochote kingine cha kuzivuta, zikiwa zimeachana kwa nafasi ya sentimita tano, nazo zitagusana baada ya muda usiofika saa mbili.

Hatua ya mwisho, ufukweni

Baada ya hesabu zote hizi za sifuri nyingi, huenda ukatamani kuona kwa macho dunia ikivutwa na kitu kingine. Chukua kanuni ileile ya kugawana safari na uiweke kwa mwezi. Tungamo la dunia ni takriban mara 81 ya lile la mwezi, na umbali kati ya vitovu vyao ni wastani wa kilomita 384,400. Gawanya umbali huo kwa 82, na utapata kama kilomita 4,700 kutoka kitovu cha dunia, chini ya miguu yetu bado, kwa kuwa dunia yenyewe ina kilomita 6,378 hadi juu. Hapo ndipo mahali ambapo mwezi na dunia vyote viwili vinapazunguka kila siku 27 na theluthi moja. Mwezi hauizungukii dunia iliyotulia. Dunia nayo inayumba, ikivutwa na mwezi kila saa kama inavyovutwa na nazi.

Alama ya kuyumba huko ni maji kujaa mara mbili kwa siku. Upande unaoutazama mwezi, maji yanavutwa zaidi kuliko dunia iliyo chini yake, hivyo yanajaa. Hilo watu wengi wanalielewa. Upande wa pili dunia iko karibu zaidi na mwezi kuliko maji, kwa hiyo dunia ndiyo inayovutwa zaidi, na maji yanaachwa nyuma yakivimba kuelekea nje. Wakati wa mwezi mwandamo na mwezi mpevu, jua na mwezi huvuta katika mstari mmoja, na siku moja au mbili baadaye bahari hufika kwenye bamvua, yaani hujaa na kupwa kupita kawaida; mwezi ukiwa nusu, huvuta kwa pembe mraba na tunapata maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo tu.

Nenda ufukweni siku ya bamvua, pigilia kijiti mahali maji yalipokomea, na uandike saa. Subiri yapwe na kujaa tena, takriban saa 12 na dakika 25 baadaye, upigilie kijiti cha pili. Kimojawapo cha vijiti hivyo umekiweka maji yalipovutwa na mwezi kutoka duniani, na kingine dunia ilipovutwa na mwezi kutoka kwenye maji. Kesho yake kila kimoja kitafikiwa kwa kuchelewa kama dakika 50, kwa sababu mwezi nao haukukaa ulipokuwa jana.